Hatua ya Tatu ya Fomula GAWA

Bwana Shilinde hakunisalimu asubuhi ile. Alinisukumia karatasi mezani, akaweka kidole juu ya namba mbili, akasema, "Holo, tunaibiwa hewa."

Nikazisoma. Ya kwanza ilikuwa 871, idadi ya watu wote wa Shimo la Nne kama walivyoandikwa kwenye daftari. Ya pili ilikuwa 1,083, vipimo vya hewa vilivyotoka kwenye mitambo jana yake, ukishaondoa nyongeza za wagonjwa na hewa ya maofisi. Mtu mmoja hupewa kipimo kimoja. Hata mimi, ambaye shuleni hesabu za kutoa zilinitoa machozi, niliona kuna kitu hakikai sawa.

"Vipimo mia mbili na kumi na viwili," nikasema. "Vinakwenda wapi?"

"Ningejua ningekuita?"

Bwana Shilinde ni afisa mgao wetu, mtu mpole kwa kawaida, lakini siku hiyo macho yalikuwa mekundu. Aliashiria juu, upande wa mlango. "Unajua walioko kule."

Nani asiyejua? Mitambo ya Shimo la Tisa ilizimika Jumamosi. Watu wake walitembea kilomita arobaini juu ya ardhi, mahali ambapo jua linachoma soli ya kiatu, wamejifunika mablanketi mabichi. Sasa watu mia mbili na kumi na tano walikuwa wamekaa kwenye korido iliyo kati ya mlango wa nje na mlango wa ndani, kila mmoja na mtungi wake wa hewa. Mitungi ingeisha kesho yake saa kumi na mbili jioni. Halmashauri ilikuwa imewajibu kwamba hakuna nafasi, maana lahajedwali la mgao lilionyesha hewa yote ina mwenyewe; ndipo Bwana Shilinde alipolinganisha vichwa na vipimo kwa mara ya kwanza.

"Ukiupata huo uvujaji kabla ya kesho saa kumi, wanaingia," akasema. "Usipoupata, mlango wa ndani haufunguliwi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Nikatoka pale najiona mtu wa maana kweli. Nilidhani nimepewa kazi ya kuziba tundu.

*

Mimi ni mkaguzi wa fomula. Mji wetu unaendeshwa na lahajedwali moja refu: kila nyumba ina mstari wake, na mwisho wa mstari kuna kisanduku chenye namba ambayo feni ya nyumba hiyo huitii. Namba inatoka kwenye fomula iitwayo GAWA. Aliitunga marehemu Bibi Mbalu miaka thelathini iliyopita, wiki ile mlango ulipofungwa. Unaipa namba ya nyumba, inakupa jibu. Yaliyotokea humo katikati haimwambii mtu.

Ukitaka kuziona namba za ndani, njia ni moja tu. GAWA ina hatua nne, na mstari wake wa mwisho unasema "toa jibu". Unaubadilisha useme "toa hatua ya kwanza", nayo inakutemea ilichokuwa nacho pale. Ukishaona, unarudisha kama ilivyokuwa. Ugumu ni kwamba feni haijui kama unakagua. Chochote kilichomo kwenye kisanduku, yenyewe inatii. Na kunakili haisaidii. Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu. Nakala ukiitenga haipati taarifa za vipimio vya nyumbani, inabaki kujibu sufuri kila kitu. Kwa hiyo tunachungulia ikiwa inafanya kazi, nyumba moja moja, na tunachungulia haraka, maana feni inachukua dakika moja kabla ya kutii. Ukutani kwetu kumeandikwa kwa rangi nyekundu: SEKUNDE HAMSINI.

Tunayo adabu yetu pia. Huanzi na nyumba ya watu, unaanza na ya kwako. Nikaandika 140.

Hatua ya kwanza, watu: 3. Sawa. Mimi, mume wangu Lugata, na mama yangu mzazi. Nikarudisha. Hatua ya pili, wagonjwa: 1. Sawa pia, hicho ni kifua cha mama. Nikarudisha. Hatua ya nne, jumla: 5.

Tano? Nikahesabu kwa vidole, bila aibu. Tatu na moja ni nne.

Ile hatua ya tatu Bibi Mbalu hakuipa jina. Wakaguzi wote walionitangulia waliipita wakidhani ni marekebisho ya uchakavu wa feni, na mimi pia nilifundishwa hivyo. Aliiita x tu. Nikaandika "toa x". Kisanduku kikajibu: 1.

Nikabaki kukitazama. Moja ya nani? Nyumbani kwangu kulikuwa na mtu mmoja zaidi, anapumua, na mimi simjui. Naona haya kusema akili yangu ilikimbilia wapi, lakini nitasema. Ilikimbilia kwa Lugata. Lugata ni fundi wa mabomba ya hewa, anaingia kila uchochoro wa mji huu na ngazi yake begani, na wanawake wa mji huu wana tabia ya kuharibikiwa na mabomba. Je, kuna mtu amemwandikisha kwenye nyumba yangu? Mtoto? Nikaanza kukumbuka siku alizochelewa kurudi, nikazipanga moja baada ya nyingine, na nyingine nikaziongeza chumvi mwenyewe.

Nilipoitazama saa, dakika moja na sekunde arobaini zilikuwa zimepita. Kisanduku cha nyumba 140 bado kilisema 1.

Nikarudisha mstari, nikakimbia.

Nilimkuta mama amekaa sakafuni, ameshika mguu wa meza kwa mikono miwili, midomo imekuwa myeusi, mabega yanapanda na kushuka. Lugata alikuwa amepiga magoti anampepea kwa mfuniko wa sufuria, huku ametazama pembeni kwa heshima ya mkwe. Juu yao feni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushika kasi.

"Feni ilikufa ghafla," Lugata akasema. "Nilikuwa natoka kukuita."

Ilinipasa kusema ni mimi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Lugata, umemwandikisha nani humu ndani?"

"Nani?"

"Nakuuliza wewe."

"Holo, mama anakosa pumzi, na wewe unaniletea habari za kuandikisha?"

Mama akainua mkono. Pumzi ilikuwa inamrudia kidogo kidogo. "Mwache mkwe wangu," akasema. "Amekosa nini?"

Nikainama, nikamfuta jasho usoni. Nilijua sasa pumzi ya mama inasimama juu ya namba ngapi, na sikutaka kulijua hilo.

*

Kesho yake asubuhi nilianza mapema na nyumba za wengine. Nyumba 12, maharusi wapya: watu 2, x ni 1. Nyumba 77, familia yenye kelele kuliko zote: watu 6, x ni 1. Nikabadilisha joto la chumba, x haikucheza. Nikasubiri saa ibadilike, haikucheza. Kama ingekuwa uvujaji, ingepanda na kushuka. Kama ungekuwa wizi, ungekuwa mahali fulani, kwa mtu fulani. Hii ilikuwa kila mahali, na ilikuwa ileile. Kumbe Lugata alikuwa ameonewa, na sikuwa na muda wa kwenda kumwomba radhi.

Kwa kukata tamaa nikaandika nyumba 31. Hiyo ilikuwa ya Bibi Mbalu mwenyewe, imefungwa tangu alipofariki miaka miwili iliyopita. Watu: 0. Wagonjwa: 0. x: 1.

Nilichukua ufunguo nikaenda. Sijui nilitegemea kukuta nini. Chumba kilikuwa kitupu, kitanda hakina godoro, na dirisha la uongo ambalo wazee wanapenda kulichora ukutani lilikuwa limepauka. Feni ilikuwa inazunguka polepole, pazia linacheza. Kwa miaka miwili ilikuwa inampulizia mtu ambaye hayupo. Niliogopa, nikafunga mlango haraka na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Saa saba nilirudi nyumbani kula, maana mama akikaa na chakula akingoja mtu, hakiguswi mpaka mtu huyo atokee. Alikuwa amepika ugali wa mtama na uyoga. Mezani kulikuwa na sahani nne.

Hapo lazima nieleze. Tangu nipate akili, mama anapika ya mtu mmoja zaidi na kuweka sahani moja zaidi. Hakuna anayeila. Asubuhi inayofuata huwa kiporo, na mimi ndiye ninayekimaliza na chai. Nimemtania kwa hilo tangu utotoni. Siku hiyo nikamtania tena, kwa mazoea tu, kichwa changu kikiwa mbali.

"Mama, mlango umefungwa miaka thelathini. Mgeni atapitia wapi?"

Naye akajibu jibu lake la siku zote: "Sasa akija nitamwambia nini?"

Tonge likanikwama mkononi.

"Mama," nikasema, "Bibi Mbalu ulimfahamu vizuri?"

"Mbalu? Nimetwanga naye kinu kimoja." Akacheka. "Alipokuja na daftari lake kutuhesabu, aliuliza, mko wangapi? Tukasema wanne, baba yako alikuwa hai na kaka yako hajahama. Akauliza tena, mnapika ya wangapi? Tukasema ya watano. Akasema kila nyumba aliyopita wamemjibu hivyohivyo. Wakubwa wake walitaka vichwa tu. Akasema, basi nitaiweka mahali ambapo hawatachungulia."

"Kila nyumba?"

"Wewe ungekuwa mke wa namna gani, umwambie mwenzio unapika ya kukutosha mwenyewe?"

Nyumba za Shimo la Nne ni mia mbili na kumi na mbili. Namba hiyo naijua tangu darasa la kwanza, iko kwenye wimbo wa shule. Na ndiyo namba niliyoitafuta siku mbili nzima.

Kwa hiyo hewa haikuwa inakwenda popote. Ilikuwa imekaa majumbani kwetu inamngoja mgeni, na kwa kuwa mgeni hakuja, tuliipumua sisi, miaka thelathini, bila kujua tunakula sahani ya mtu. Na nyumbani kwangu alikuwa anaipumua mama. Miaka miwili iliyopita daktari alimpa kipimo cha wagonjwa, akaniita pembeni akaniambia hakitamtosha, nijiandae. Nikajiandaa, na mama akaendelea kupika. Tulisema ni dua, tukasema ni mwarobaini. Kumbe ilikuwa ni x.

"Mbona huli?" mama akauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na hujaanza?"

Nikala. Sikumbuki chakula kile kilikuwa na ladha gani.

*

Saa tisa na nusu nilikuwa mbele ya Bwana Shilinde na wajumbe watatu wa Halmashauri. Mfukoni nilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno matatu: sijaona kitu, mkuu. Mji mzima hakuna mwingine anayejua kuifungua GAWA. Nani angenibishia?

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilionekana nzuri. Ilikuwa na mstari mmoja wa fomula: x iwe sufuri kwa nyumba zote, isipokuwa 140. Kati ya watu wa Shimo la Tisa angekosa nafasi mmoja tu zaidi ya wale watatu waliozidi idadi ya nyumba, na huyo mmoja angebanana mahali. Mama angeendelea kupumua. Hesabu ingefunga vizuri, na kwa nje jibu lisingemshtua mtu.

Niliushika mstari huo mfukoni mpaka karatasi ikalowa jasho. Kilichonizuia si ujasiri. Nilimfikiria mkaguzi mwingine, ambaye labda hajazaliwa, siku moja amekaa kwenye kiti changu, amebadilisha mstari wa mwisho, anachungulia. Mimi nilipochungulia nilimkuta Bibi Mbalu amemtengea mgeni. Yeye angenikuta mimi nimemnyima.

"Holo," akasema Bwana Shilinde. "Umeona nini?"

Nikawaeleza. Mjumbe mmoja, mama mwenye miwani, aliniangalia kama mtu anayeletewa ngano za watoto. "Hewa ya mgeni? Kwangu sijawahi kupata mgeni tangu nizaliwe."

"Naomba sekunde arobaini, niwaonyesheni," nikasema.

Nikatangaza kwenye vipaza sauti kwamba ni ukaguzi, feni hazitaguswa, watu waangalie namba zao kwenye vioo vya milangoni mwao. Kisha nikaandika "toa x" kwa mji mzima. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani mistari mia mbili na kumi na miwili ikabadilika kwa pamoja. 1, 1, 1, 1, mpaka chini. Nyumba ya mama mwenye miwani ilikuwa 1. Ya Bwana Shilinde ilikuwa 1. Nilihesabu kwa sauti, na nilipofika arobaini nikarudisha "toa jibu". Feni ya chumba haikubadili hata mlio wake.

Yule mama alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Mama yangu naye alikuwa anaweka sahani," akasema. "Mimi ndiye niliyeacha."

Watatu wale walinong'onezana kidogo tu. Bwana Shilinde hakuwa pamoja nao. Alikuwa anasoma orodha ya wagonjwa.

"Nyumba yako si ndiyo mia na arobaini?"

"Ndiyo, mkuu."

"Mama anajua?"

"Sikumwuliza," nikasema. "Nilijua atanijibu nini." Hapo nikalia mbele ya Halmashauri nzima, na hakuna aliyenikataza.

Mlango wa ndani ulifunguliwa saa kumi na nusu. Nyumba mia mbili na kumi na mbili zilipata mgeni mmoja mmoja, na kwa wale watatu waliozidi, ofisi yetu ikakatwa vipimo vitatu. Tangu siku hiyo tunapiga miayo kazini.

*

Kwetu alikuja Sundi, mshonaji, mwanamke mnene, mwenye aibu, anayekoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Siku ya kwanza alitaka kulala karibu na mlango, eti asije akatumalizia hewa. Mama akamwondoa pale kwa ukali.

Lugata nilimwomba radhi. Alicheka siku nzima, akawa kila akiondoka na ngazi yake ananiuliza kama nataka kumchungulia ndani. Lakini kicheko chake kiliisha jioni, tulipomsikiliza mama. Zamani angeweza kusimulia habari kuanzia mwanzo hadi mwisho huku anasonga ugali. Sasa anasonga kidogo, anakaa, na Sundi anapokea mwiko. Maneno yake yanakuja vipande vipande. Daktari amekuja mara mbili. Safari hii hakuniita pembeni, aliniangalia tu, nami nikaelewa.

Jumatatu majina ya wageni yalitakiwa kuingia kwenye daftari. Wangekuwa watu, si wageni tena, na kila mmoja angehesabiwa kwenye hatua ya kwanza. Bwana Shilinde akaniambia kitu ambacho nilikuwa nimekiona na kukikimbia: fomula haijui kwamba mgeni ameshafika. Watu wangeongezeka, na x ingeendelea kuongeza mmoja kwa kila nyumba, na mitambo isingeweza.

"Iondoe kabla ya saa tisa," akasema. Hakusema kwa ukali.

Nikaenda kwanza nyumbani kula. Tulikuwa wanne: mama, Lugata, Sundi, na mimi. Mezani kulikuwa na sahani tano.

"Mama, hii ya nani?" nikauliza. "Mgeni si huyu hapa?"

Mama akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi. "Huyu," akasema, akavuta nyingine, "ni wa nyumbani." Akapumzika. "Na mwingine... akija?"

Sundi aliinamisha kichwa. Lugata aliitazama feni. Sijui kama nilimtendea mama haki au nilimnyang'anya. Siku nyingine nalijua jibu asubuhi, na ikifika mchana limenipotea.

Nilirudi ofisini, nikaifungua GAWA. Hatua ya kwanza, watu. Hatua ya pili, wagonjwa. Hatua ya tatu nikaifuta ile x, na mahali pake nikaandika neno zima: mgeni. Mbele yake nikaweka 0, kwa sababu hewa haikuwepo, na mimi si mtu wa kuandika hewa isiyokuwepo. Lakini mstari wenyewe sikuuondoa. Chini yake, kwa atakayechungulia baada yangu, nikaandika: Hewa ikipatikana, weka 1.